Waya wa Kibwana

Kila Alhamisi, adhana ya magharibi ikishatoka, mtandao wa zahanati ya Dada Alifiya pale Handeni ulikuwa unakata roho. Haukusuasua kwanza kama mitandao mingine yenye adabu. Ulikufa wote kwa mpigo, jengo la zamani na jengo jipya la ng'ambo ya barabara, kompyuta ya mapokezi na ya maabara, na vile visanduku vya ukutani vinavyogawa mtandao vikawa vinapepesa taa zake zote pamoja, harakaharaka, kama vimepandisha mashetani. Isha ikishapita kidogo, taa zinatulia. Mtandao unarudi, na hakuna aliyegusa kitu.

Wiki ya kwanza walisema ni umeme. Ya pili walisema ni mvua, ingawa mvua yenyewe haikuwapo. Ya tatu, Valerian wa maabara, mtu aliyesoma na anayeiamini hadubini yake kuliko anavyoamini watu, alisema kwa sauti ya chini kile ambacho wenzake walikuwa wanakimeza.

"Kibwana alifariki Alhamisi."

Ndipo wakampigia simu Mwaija, Korogwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja, akaweka simu mezani na kuifunika kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Huyu Mwaija ni mtu wa Kwashemshi, mtoto wa mkulima wa mahindi na migomba. Kupanda juu alijifunzia kwenye mifenesi ya babu yake, na alipokwenda Tanga kusomea umeme mwaka mmoja, akawa yeye pekee darasani asiyeogopa ngazi. Akarudi akapanga fremu ya duka Masuguru, Korogwe, akatundika kibao: MADISHI, KAMERA, MITANDAO. Watu walicheka. Wanaume wazima walisimama chini ya mapaa kutazama mwanamke aliyevaa suruali ndani ya dera akifunga dishi, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Aliwaacha washauri. Mume naye alishauri, mpaka akachoka akaondoka na mashauri yake. Leo ana miaka arobaini na mmoja, magoti yanaanza kulalamika, na hakuna anayecheka tena, kwa sababu kila anayecheka ana dishi lililofungwa na Mwaija.

Kazi yake hasa, ile anayoipenda, ni kuunganisha majengo mawili. Mtu ana duka upande huu na ghala upande ule, kila jengo lina nyaya zake na kompyuta zake, na katikati kuna barabara, au korongo, au jirani asiyetaka kusikia habari ya mtaro kwenye kiwanja chake. Basi unafunga vidishi viwili vidogo, kimoja kila paa, vinatazamana, na majengo mawili yanaongea hewani kana kwamba ni moja. Kufunga ni rahisi. Kuvitazamanisha ndiko kwenye kazi. Nusu kidole tu kikienda pembeni, vinapishana kama watu waliogombana.

Kwa hiyo wanatakiwa watu wawili, mmoja kila upande, na simu sikioni. Mmoja anasukuma dishi, mwenzake anamsomea namba za mawimbi. Namba ikishuka ndiyo nzuri.

"Kushoto. Kidogo. Umepitiliza, rudi. Hapo hapo, usiguse."

Kwa miaka tisa, mtu wa upande wa pili alikuwa Kibwana.

Kibwana alikuwa Mzigua wa Handeni, mrefu, mwenye maneno mengi, fundi wa kila kitu pale zahanati: pampu, jenereta, vitasa, taa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jengo la zamani, karibu na tangi la maji. Mwaija akipata kazi ya mapaa mawili, Kibwana anaomba ruhusa, anapanda pikipiki, anateremka Korogwe. Watu waliwasema. Ukweli haukuwa huo waliousema, wala haukuwa mdogo kuliko huo. Sauti ya yule mwanamume ndiyo sauti aliyoisikia zaidi maishani mwake, kuliko ya mume, kuliko ya baba. Alikuwa akiijua ikiwa na njaa, ikiwa na mafua, ikiwa imechoka na inasingizia kwamba haijachoka.

Siku ile walikuwa Mkumbara, kwenye duka la Mzee Nurmohamed. Duka liko upande huu wa barabara kuu ya Moshi, ghala la mahindi upande ule. Mwaija yuko juu ya paa la duka na kompyuta mapajani, Kibwana kwenye mlingoti kando ya ghala. Saa kumi alasiri, upepo unatoka milimani. Namba ilikuwa sitini na moja.

"Basi Mwaija, imetosha," Kibwana alisema. "Upepo huu si wa mchezo."

Ilikuwa imetosha. Sitini na moja ilitosha kabisa, mahindi ya Mzee Nurmohamed yasingelalamika. Lakini Mwaija alikuwa na ugonjwa wake wa kutaka kazi safi.

"Nipe mbili tu," akasema. "Mbili tu, tushuke."

Kibwana akacheka. "Haya, mkubwa." Ili afikie upande wa nyuma wa dishi, ilibidi afungue mkanda na kuzunguka mlingoti. Namba ikashuka, sitini, hamsini na tisa, na Mwaija akasema, "Hapo hapo, usiguse." Kisha akasikia upepo peke yake. Lori lilikuwa linapita katikati yao wakati ule, refu, la shehena, na lilipomaliza kupita mlingoti ulikuwa hauna mtu.

Msibani kila mtu alimuuliza, maana ndiye aliyekuwa naye. Mwaija akajibu kwamba hajui, kwamba walikuwa wameshaagana, kwamba simu ilikuwa imeshakatika. Uongo huo aliusema mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili ukatoka wenyewe. Mama yake Kibwana, Bi Husna, ambaye zahanati nzima inamwita Mama Kibwana na ndiye mfagiaji wao, alikuwa ameketi kwenye mkeka na kusikia yote. Alimtazama tu Mwaija, na Mwaija akaenda kusaidia kubeba maji.

Tangu hapo amekuwa haendi Handeni ila kwa lazima, tena asubuhi, kabla Mama Kibwana hajaingia kazini. Salamu za yule mama zilimfikia mara mbili kupitia watu: mwambieni aje tuonane. Hakwenda. Na amekuwa akisikia mambo. Akiwa juu ya paa peke yake, simu ikiwa mfukoni imezimwa, anasikia wazi kabisa mtu akisema imetosha.

Mtandao wa zahanati ulikatika mara ya kwanza wiki ileile ya msiba. Kabla ya hapo majengo yale mawili yalikuwa yameunganishwa kwa waya, Kibwana aliupitisha mwenyewe ndani ya bomba chini ya barabara. Wiki ile watu wa mradi wa maji walikuwa wanachimba mtaro palepale, basi kila mmoja akasema waya umekatwa na sururu. Dada Alifiya akampa Mwaija ufunguo wa chumba cha Kibwana akapime, kwa kuwa waya ulianzia mle, na umeme wa mle alikuwa ameuzima yeye mwenyewe siku ya maziko kwa kuogopa moto. Fundi yeyote angefungua, angewasha swichi, angepima, dakika tano kazi imekwisha. Mwaija alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Mle ndani mlikuwa na harufu ya grisi na kahawa, ilipenya mpaka nje. Akarudisha ufunguo.

"Waya umekufa," alimwambia Dada Alifiya. "Tufunge madishi."

Akafunga madishi. Upande wa pili alisimama Valerian na simu, anasoma namba bila kuelewa anachosoma, na walipofika sitini na mbili akasema, kwa kuchoka tu, maskini, hakuwa na nia yoyote, "Basi, imetosha." Mwaija alishuka ngazi akakaa kwenye ndoo ya rangi, hakuinuka mpaka Valerian alipovuka barabara kumletea soda.

Madishi yalifanya kazi vizuri miezi sita. Kisha zikaanza hizi Alhamisi.

Sasa, kwa watu wa huku, jioni ya Alhamisi si jioni ya hivihivi. Ndiyo kuamkia Ijumaa. Waliotutangulia huja kutazama nyumba zao, kama bado wanatajwa, na watu hufukiza ubani na kuwasomea Yasini. Mwaija amelelewa hivyo, na shule ya umeme haikumtoa. Kwa hiyo tusimcheke. Alipopanda gari kwenda Handeni siku ile ya Alhamisi, mkoba wa vifaa mapajani, hakuwa anaogopa mtandao. Aliamini kwamba Kibwana amekasirika, kwamba amesikia uongo ule wa simu iliyokatika, na kwamba kila wiki anarudi kuvunja kile alichokifunga Mwaija ili watu wajue.

Dada Alifiya alimpokea mlangoni, miwani juu ya paji la uso. "Mwaija, mimi nakuheshimu. Lakini wiki iliyopita Valerian amevuka barabara mara kumi na moja na majibu ya wagonjwa mkononi. Bodaboda imemkosakosa. Wafanyakazi wangu wanataka tulete mtu asome dua kwenye chumba cha Kibwana, na mimi sikatai dua, dua haimdhuru mtu. Ila leo usipojua kinachotokea, nitashusha madishi, niite fundi wa Tanga."

"Nitajua leo," Mwaija alisema, na ndilo jambo aliloogopa kuliko yote.

Alikaa chini, mapokezi, mbele ya kisanduku cha mtandao, akasubiri. Adhana ikatoka. Valerian akajisogeza mlangoni na tasbihi ya rozari mkononi, akijifanya anapunga hewa. Dakika tano. Kumi. Kisha taa za kijani zikaanza, moja, tatu, zote, tap-tap-tap bila pumzi, na kompyuta ya mapokezi ikaganda.

"Umeona?" Valerian akanong'ona. "Umeona, dada?"

Mikono ya Mwaija ilikuwa baridi, lakini ni mikono ya fundi, ikaanza kazi bila kumngoja mwenyewe. Ikachomoa waya unaotoka kwenye dishi. Taa zikatulia palepale. Ikauchomeka. Taa zikachachamaa. Akachomoa tena, akatulia, akatazama. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imerudi. Akampigia muuguzi wa maabara kule ng'ambo.

"Mtandao upo?"

"Upo, dada! Umerudi!"

Dishi alikuwa amelichomoa. Jengo jipya lingetakiwa liwe kisiwa, halina njia ya kufika huku, na bado lilikuwa linaongea na mapokezi kama kawaida. Alijua maana yake, kila fundi anajua. Palikuwa na njia ya pili. Majengo mawili yakiwa na njia mbili kati yao, ujumbe unaokwenda kwa hii unarudi kwa ile, unakwenda tena, unazaana, unazunguka bila kikomo mpaka mtandao wote unakabwa. Na njia ya pili ilikuwa moja tu duniani. Ni ule waya alioutangaza mwenyewe kwamba umekufa.

Waya haukukatwa. Haukuwahi kukatwa. Uliunganishwa kwenye kisanduku kidogo mle chumbani kwa Kibwana, na kisanduku kilikosa umeme tangu siku ya maziko, basi. Na sasa, Alhamisi magharibi, mle ndani kuna aliyewasha.

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Valerian alimfuata mpaka kwenye tangi la maji, akasema yeye anaona bora abaki palepale alinde tangi. Dirisha la chumba lilikuwa limezibwa kwa maboksi kama siku zote, lakini chini ya mlango palikuwa na mstari wa mwanga, na harufu ya ubani ikatoka pamoja nao. Mwaija alitaka kukimbia. Nasema wazi, alitaka kukimbia, na mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Akasukuma mlango.

Mama Kibwana alikuwa ameketi kwenye stuli ya mwanawe, mtandio mweupe kichwani, chetezo miguuni. Mezani, kati ya bisibisi na misumari, kulikuwa na simu ya zamani iliyopasuka kioo, inachajiwa. Ukutani juu yake kisanduku kidogo kilikuwa kinapepesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa." Alisogeza boksi kwa mguu. "Kaa. Nilidhani utakuja Alhamisi iliyopita."

Mwaija akakaa juu ya boksi. "Mama, ndiwe unayewasha umeme huku?"

"Ufunguo wa kufagia ninao, mara ya kwanza nilikuja kumsomea mwanangu tu. Nikawasha swichi nione msahafu, huko mbele nikasikia wanapiga kelele. Nikazima, wakanyamaza. Mara ya pili hivyohivyo. Nikasema, kumbe." Alikuwa hatabasamu. "Salamu zangu ulizikataa. Nikajua hawa wakichoka watakuita, na ukiitwa kazini utakuja. Mimi simngoji Kibwana humu, mwanangu. Kibwana nimemzika. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akaichukua ile simu, akaiwasha, akamwekea mapajani. Kwenye orodha, juu kabisa, palikuwa na jina la Mwaija.

"Mimi maandishi madogo siyaoni, lakini nilisomewa. Mwanangu aliokotwa saa kumi na dakika kumi, ndivyo walivyosema watu wa Mkumbara. Simu inasema mliongea mpaka saa kumi na ishirini. Uliniambia imekatika. Miezi yote hii nakula, nalala, nafagia, najiuliza uliongea na nani dakika kumi wakati mwanangu yuko chini."

Mwaija akasema, na alisema yote, haraka, akitazama kile kisanduku cha ukutani. Kwamba hakuongea na mtu, simu ya Kibwana ilikuwa majanini, na yake hakukumbuka kuikata, alikuwa anakimbia kuvuka barabara huku anaita jina. Kwamba kabla ya hapo Kibwana alisema imetosha. Alisema upepo si wa mchezo. Na yeye akamwambia nipe mbili. Mbili ambazo hazikuwa na kazi yoyote, mama, hazikuwa na kazi yoyote duniani.

Ubani ulikuwa umekaribia kuisha. Mama Kibwana akaongeza punje mbili kwenye chetezo.

"Akajibuje?"

"Alicheka. Akasema, haya mkubwa."

"Alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Cheka alivyocheka."

Mwaija akamtazama. Yule mama hakuwa na mzaha. Basi akajaribu ule mcheko wa Kibwana unaotokea puani kwanza, na ukatoka vibaya, lakini ulikuwa ndio wenyewe. Mama Kibwana akafumba macho.

"Ndiye," akasema. "Nilikuwa nadhani aliogopa." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sikusamehe leo, Mwaija. Sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Lakini alikuwa anacheka, na hilo ulikuwa umelificha kwangu miezi saba."

"Nisamehe kwa hilo, mama."

"Kwa hilo, haya." Akainua kidevu kuelekea ukutani. "Na huo waya wake ni mzima?"

"Mzima kabisa. Ni bora kuliko madishi yangu. Mimi ndiye niliyeuua bure."

"Unataka niwe nazima taa?"

Mwaija alifikiri. "Hapana. Isizimwe tena. Nikishashusha madishi, ukizima humu wanakatikiwa wote."

Asubuhi ya Ijumaa, jua lilipokuwa halijawa kali, Mwaija alipanda paa la jengo jipya kushusha dishi. La mapokezi alikuwa ameshalishusha. Valerian alishika ngazi kwa mikono miwili, akaeleza kila aliyepita kwamba tangu mwanzo alijua ni waya. Mwaija alilegeza nati ya kwanza. Upepo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwapo, na alijikuta anasikiliza ile sauti yake ya kila siku, anaingoja kwa mwili mzima.

Simu ikaita mfukoni. Aliitoa, na kwenye kioo palikuwa pameandikwa KIBWANA.

Aliishikilia ikaita mara nne. Kisha akaiweka sikioni.

"Mwaija," ilisema sauti ya mama mtu mzima kutoka kule nyuma ya jengo la zamani. "Nasikia uko juu."

"Niko juu, mama."

"Mkanda umefunga?"

"Nimefunga."

"Hilo dishi limetoka?"

"Limetoka. Bado natazama kama mlingoti nao..."

"Basi, imetosha," alisema Mama Kibwana. "Shuka. Na usikate simu mpaka uguse chini."

Mwaija akatia dishi kwapani, akashuka ngazi moja moja, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na upande wa pili mtu alikuwa anapumua. Alipogusa chini akasema, "Nimefika." Mama Kibwana ndiye aliyekata.